Babu Aliyehojiwa Baada ya Kuzikwa

Nilichomoa waya ukutani. Wengine mmesikia kwamba nilivunja mashine ya watu kule Ujiji. Sikuvunja kitu. Nilikuwa nimeketi nyuma ya ukumbi, Shamimu ananyonya, mapazia yamefungwa ili picha zionekane, mara ukutani akatokea Mzee Ndahani amevaa koti la babu yangu na kofia ya babu yangu, amekalia kiti cha babu yangu. Chini ya picha pameandikwa kwa Kiswahili na kwa Kijerumani: Mzee Ramadhani Kapembe wa Kigwa akikiri kwamba ukoo wake uliuza watoto wake wenyewe.

Nikainuka na mtoto wangu kifuani, nikaenda mpaka kwenye swichi, nikachomoa.

"Huyo si Ramadhani Kapembe," nikasema. "Ramadhani Kapembe ni babu yangu, na siku mliyomhoji alikuwa ameshazikwa."

Sasa kila mmoja wenu ananiuliza kivyake, sokoni, msibani, kwenye grupu, mpaka koo limenikauka. Naandika mara moja, msome wote. Mambo ya vibali na nani alinipatia kazi ile nayaruka, hayana utamu. Jueni tu kwamba jina lile lililoandikwa chini ya picha ndilo jina langu, na ndilo jina la Shamimu, maana baba yake yupo kama mtandao wa simu kijijini: unaambiwa upo, wewe huuoni. Mtoto wangu hana jina jingine la kujisitiri. Ana Kapembe tu.

Cheyo hadi Kwihara

Aliyeniajiri ni Dokta Anke, Mjerumani, mwanamke mrefu wa makamo, Kiswahili chake cha darasani, kimenyooka kama rula. Alitaka mtu wa kumtafsiria Kinyamwezi kwenye njia ya zamani ya misafara, toka upande wa Kigwa hadi Ujiji. Dereva alikuwa Kondo, Mzaramo wa Dar, mdomo haufungi. Alipojua mimi Mnyamwezi akaanza palepale kwetu Cheyo, Tabora mjini, gari halijawashwa.

"Ingia, mpagazi wangu. Mzigo wa kichwani weka buti, siku hizi tunawabeba nyie."

"Endesha, mla nazi," nikamjibu. "Babu zako walikaa pwani wakisubiri vitu tuwaletee."

Dokta alitutazama kwa hofu, akadhani tutapigana. Ningetia akilini sura yake ya siku ile, nisingefika huku.

Mama yangu alinisindikiza mlangoni na maneno mafupi: "Mjerumani harudi Tabora bure." Mnajua kinachosemwa mjini. Wajerumani walipokimbia vita walizika mali, na wajukuu wao wanakuja na ramani kuifukua, mmoja anajiita mtalii, mwingine wa mradi wa maji. Dokta Anke alikuwa na ramani ya zamani iliyonakiliwa. Alikuwa na kifaa cha kuonyesha mahali. Tena ndani ya gari mlikuwa na koleo dogo jipya. Mimi nilimaliza kidato cha nne, si mjinga. Nikasema moyoni, huyu nitamtazama mikono.

Kwihara tulizunguka mahame ya nyumba za zamani, yeye anapiga picha kuta, mimi namtazama mikono. Nikamuuliza waziwazi anatafuta nini. Akasema anaandika historia ya sosholojia nchini kwao, yaani elimu ya jinsi watu wanavyoishi pamoja na kwa nini hawatawanyiki. Nikamwambia, "Dokta, historia ya kwenu iko kwenu. Kwihara umefuata nini?"

"Swali zuri," akasema.

Mtu akiniambia swali zuri mimi hushika mkoba wangu.

Akanieleza. Enzi za mababu zake watu walikuwa wanaacha mashamba wanahamia viwandani, na wasomi wakaanza kujiuliza jamii ni kitu gani hasa, inashikwa na nini isimwagike. Wakati huohuo serikali yao ilikuwa imetushika sisi huku. Basi yakatumwa maswali yaliyochapwa kwa mamisionari na maofisa: watu wa huko wanaoaje, wanarithishanaje, wanaadhibianaje. Majibu yakarudi kwa meli. Wasomi ambao hawakuwahi kukanyaga huku wakayasoma ofisini na kuyatungia vitabu, na vitabu vile vikaingia katika msingi wa elimu yao.

"Mimi nataka kujua nani alijibu," akasema. "Kila siku tunasoma jina la aliyeuliza. Aliyejibu hayumo."

Nikaliona jambo la maana. Nikaliona pia ndilo jambo hasa ambalo mtu mwenye ramani ya hazina angelisema.

Kigwa

Kigwa ndiko kwetu. Ilikuwa arobaini ya babu, kwa hiyo ningekwenda hata bila kazi. Dokta akaomba kufuatana nami kwa sababu Kigwa ilikuwa kituo cha misafara; jina la marehemu hakuuliza. Bibi, mke wa marehemu, alisema mgeni aje ale.

Tulichelewa njia nzima. Kwanza ng'ombe walijaa barabarani na mchungaji wao hana haraka ya mtu, halafu Kondo akasimama kununua asali, akaanza kubishana na muuzaji kama nyuki ni wa Tabora au wa Sikonge. Tulipofika kisomo kimekwisha, watu wako kwenye chakula, na Mzee Ndahani ameshaanza kazi yake.

Kwa ambaye hakulelewa huku niseme wazi. Mzee Ndahani ni Mgogo, na Wagogo ni watani wetu tangu misafara. Huja msibani kwetu bila kualikwa, na sisi kwao. Mtani akifika msibani anaruhusiwa kila kitu. Atadai kuku kabla kaburi halijafukiwa. Atachukua nguo za marehemu, atazivaa, atatembea anavyotembea marehemu na kusema anavyosema marehemu, atatukana ukoo mzima, na hakuna wa kununa. Ukinuna unalipa. Ndivyo wafiwa wanavyofutwa machozi huku kwetu.

Mzee Ndahani alikuwa ndani ya koti jeusi la babu, anakohoa kikohozi cha babu chenyewe, ameketi kwenye kiti cha babu pale barazani.

"Nyie wake zangu!" anawaambia akina bibi. "Nimekufa nimeacha ng'ombe zizini, mbona pilau lina mifupa? Nani kala nyama yangu?"

"Umekufa na deni la pombe, wewe," bibi akamjibu. "Kaa kimya hukohuko kaburini."

Watu hoi. Shangazi mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Bibi mwenyewe, aliyekuwa hajacheka tangu mazishi, alifuta machozi kwa ncha ya kanga na mabega yanamtikisika.

Shamimu akaanza kulia. Nikaingia ndani kumnyonyesha, wakanishika huko nioshe sufuria, mnajua mjukuu wa kike akifika kwao hana ugeni. Toka jikoni nikasikia kicheko baada ya kicheko. Nilipochungulia nikamwona Dokta Anke ameketi kwenye mkeka mbele ya kile kiti, kinasa sauti kiko magotini, Kondo pembeni yake anamfafanulia. Nikafurahi, nasema leo mzungu kaonja utani wetu. Mikono yake niliitazama pia. Haikushika koleo.

Jioni tukaondoka na michembe, yaani viazi vitamu vikavu, mfuko mzima na karanga mbichi. Bibi alimshika dokta mkono akamwambia, "Karibu tena, mama." Kitu kile kinaniuma mpaka leo kuliko picha ya ukutani.

Urambo na Ulyankulu

Tukarudi Tabora, tukashika njia ya magharibi. Urambo wapo waliotufuata kwa pikipiki, bila salamu, tukisimama nao wanasimama. Kondo akashuka akawauliza shida yao.

"Shida hatuna," mmoja akasema kwa Kinyamwezi. "Mkichimba tu, mtatukuta hapa."

Dokta akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia wanatutakia safari njema.

Ulyankulu tulifikia kwa Mama Eufrazia, mkulima, mtu wa kanisa. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa wakimbizi, yeye mwenyewe hajui nyumba nyingine zaidi ya ile. Alitupikia ugali wa mhogo na maharage, akamvunjia Shamimu parachichi akamlisha kwa kidole. Tukakaa vizuri mpaka dokta alipotoa kinasa sauti na kuuliza, kwa upole kabisa, ukoo wao ulitoka wapi na ulifikaje.

Mama Eufrazia akachukua kile kinasa, akakizima, akakirudisha mezani kama mtu anayerudisha sahani isiyo yake.

"Kula, mgeni wangu," akasema. "Hilo sijibu. Kila anayekuja kuuliza tulikotoka, nyuma yake huja lori."

Baadaye, tumekaa nje na chai, dokta akaanza mwenyewe. Akasema hata kwao iko sura ambayo wanafunzi walichelewa kufundishwa. Ilikuja serikali mbaya. Wasomi wa elimu ile wengine walifukuzwa, wengine wakakimbilia ng'ambo. Wako waliobaki na kuitumikia, wakihesabu watu kwa damu zao, nani kazaliwa na nani. "Na baada ya kuhesabu," akasema, "kweli yalikuja magari." Vita vilipokwisha, nchi ikagawanyika na elimu ikagawanyika nayo: upande mmoja ikafuata chama, upande wa pili wakaiga Wamarekani, madodoso na takwimu. Mpaka vijana wa vyuo wakawauliza wazee wao uso kwa uso: nyinyi wakati ule mlikuwa mnafanya nini?

Mama Eufrazia alisikiliza mpaka mwisho. "Pole," akasema. "Lakini sasa hivi mwulizaji ni wewe."

Usiku ule nilibadilisha shaka yangu. Mikono yake niliiacha. Nikaanza kutazama masikio.

Uvinza

Kabla ya Uvinza gurudumu lilipasuka, na la akiba nalo halina upepo. Koleo likatoka, hatimaye. Kazi yake, kumbe, ni kuchimbia jeki isizame kwenye mchanga. Kondo akacheka mpaka akaegemea gari. "Mnyamwezi umelilinda koleo toka Tabora! Haya, hazina hiyo, chimba!" Nikamwambia asubiri arobaini yake, nitavaa suruali zake.

Tukasubiri fundi chini ya jua lile, tunakula michembe ya bibi. Dokta akafungua kompyuta. Nikaona mistari inayopanda na kushuka kama vilima. Akasema ni sauti za Kigwa, anazisafisha.

"Unasafisha nini?"

"Kelele. Kuku, vyombo, watu wanaongea pamoja. Ili mzungumzaji asikike."

Akaburuta kidole, kilima kimoja kikatoweka. Akaburuta tena. Mimi na akili yangu ya hazina nikadhani anafuta mahali aliponong'onezwa siri, nikakodoa macho nione ni wapi. Kumbe nilikuwa natazama kitu chenyewe kinafutwa mbele yangu na sikukijua.

Nikamchokonoa. Katika wasomi wenu wote hao, nikasema, hakuna hata mmoja aliyewahi kusema la maana? Akacheka. Akasema yupo mmoja wa zamani, mtu wa kwao hasa, aliyefundisha kwamba tendo la mtu hulijui kwa kulitazama tu. Lazima uelewe maana ambayo mtendaji mwenyewe anaiweka humo. Mtu anapasua kuni: anapasua apike, auze, au ana hasira na mkewe? Tendo ni lilelile, maana zinatofautiana. "Bila hiyo maana," akasema, "sosholojia haijaanza."

Nililiweka kichwani lile, kama mtu anavyoweka sindano kwenye ukosi wa nguo.

Uvinza tulilala, tukanunua chumvi. Asubuhi tukavuka mto Malagarasi, halafu Kigoma.

Ujiji

Ukumbini walikuwepo walimu, wanafunzi wa chuo, na wazee wachache wa mji waliokaa mbele na fimbo zao. Dokta alitaka kuwaonyesha kazi yake kabla ya kurudi kwao. Yaliyotokea mnayajua. Nikachomoa waya.

Alikuwa mweupe, akawa mwekundu. "Hadija," akasema, "mzee yule alijitambulisha mwenyewe. Nilimwuliza jina, akasema Ramadhani Kapembe. Nilimwuliza kama anakubali kurekodiwa. Nina sauti."

"Iweke."

Akaiweka. Ikasikika sauti ya Mzee Ndahani, safi, peke yake, kama mtu aliye kisimani: "Nakubali, mwanangu. Hata mkinizika tena, nakubali. Andika: mimi Kapembe niliuza wanangu kwa shanga, na shanga zenyewe nikanywea pombe. Ndiyo maana leo nimekufa mkavu."

Mzee mmoja wa mbele akapasuka kicheko. Akajaribu kukizuia kwa kiganja, hakikuzuilika. "Jamani huyo ni mtani!" akasema. "Huyo yuko arobaini, anamcheza marehemu! Mama, umemhoji maiti!" Na wazee wenzake wakadakia, fimbo zinagonga sakafu.

Dokta aliwatazama mmojammoja. Akasema polepole, "Walicheka hivyo hivyo Kigwa."

"Kipo wapi hicho kicheko?"

Alikuwa amekifuta njiani kwenda Uvinza, mimi niko ubavuni natafuna michembe.

Nikageukia mlangoni alipo Kondo. "Na wewe? Ulimwambia nini?"

Kondo ameinamisha kichwa. "Aliniuliza ndiye mwenye nyumba? Nikasema ndiye. Aliniuliza kweli aliuza watoto? Nikasema Wanyamwezi wote ndivyo walivyo. Hadija, mimi mtani wako! Ningesemaje mbele ya Mgogo, nimwangushe mwenzangu? Nilidhani mzungu naye anacheka moyoni."

Hapo ndipo hasira ilinizidi, maana kwa Kondo sina haki ya kununa. Kwa Mzee Ndahani sina. Mila imenifunga mikono. Amebaki mmoja tu.

"Mbona hukuniambia?" dokta akaniuliza.

"Nilikuwa jikoni kwetu nafanya kazi za kwetu. Ungeniita. Uliuliza koti na kiti, vikakujibu."

Kisha nikawaambia wale wazee kitu ambacho kwetu hakisemwi mbele za watu, kinasemwa na mtani tu. Babu yake babu yangu, Kapembe wa kwanza, alikuwa mpagazi. Akiwa safarini na pembe za watu kichwani, binti yake Kalunde alichukuliwa shambani. Aliporudi hakumkuta. Akaitua mizigo ya wenyewe akaanza kutembea kumtafuta. Akashuka mpaka pwani. Ugogoni, mahali ambapo maji huuzwa, ukoo wa akina Ndahani ukampa maji bure kwa sababu alikuwa analia. Toka siku hiyo utani wetu nao si wa makabila tu, ni wa nyumba kwa nyumba. Pwani hakumwona. Akarudi, akapita Kigwa bila kulala, akaja mpaka hapa Ujiji, anauliza mlango kwa mlango. Hakumwona. Alirudi na upofu.

Ndani ya ukoo wetu hakuna anayeweza kumtaja Kalunde bila nyumba kuzizima. Kwa hiyo mtani humtaja kwa kupindua: mliuza wenyewe, mlinywea pombe. Tunacheka kwa sababu wote tuliopo tunajua kinyume chake, na aliyesema ndiye mjukuu wa aliyetoa maji. Kicheko ndicho ushahidi. Ukikiondoa, yanabaki maneno ambayo hata adui yetu hajawahi kuyasema.

"Na umekuja kuyasomea Ujiji," nikamwambia. "Miji yote hii aliyoiumba Mungu, umechagua Ujiji."

Hakuna aliyegonga fimbo tena.

Dokta alikaa chini. Akasema anasikitika, na namwamini, uso haukudanganya. Lakini akasema pia kwamba sauti ile ameshaituma kwenye hifadhi ya chuo chake. Ataongeza maelezo chini ya ukurasa. Kuibadilisha yenyewe hawezi, kanuni inasema mpaka mwenye sauti aombe kwa maandishi.

"Mwenye sauti ni nani katika hifadhi yenu?"

Akafunga kompyuta yake. "Ramadhani Kapembe."

"Kwa hiyo babu afufuke aandike barua."

Tulikula samaki, migebuka kwa mawese, jioni ile, meza mbili tofauti.

Kurudi Kigwa

Njia nzima ya kurudi Kondo alijaribu kuniongelesha kila baada ya kijiji. Karibu na Urambo akasimamisha gari, akashuka, akarudi na jogoo miguu imefungwa, akaniwekea mapajani. Faini. Nikaipokea. "Mla nazi mkubwa wewe," nikasema, na hapo tukawa tumemalizana naye.

Dokta akauliza kama na yeye anaweza kununua jogoo. Nikamwambia hapana, wewe si mtani, kosa lako halilipwi na kuku.

Sikushuka Tabora. Nilikwenda moja kwa moja Kigwa kwa bibi, nikamkuta anaanika nsansa, mboga ya majani, juani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona sura kama umelipa kodi?"

Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye "mimi Kapembe niliuza wanangu" akaanza kucheka upya, akaigiza kikohozi cha babu kama Ndahani alivyokiigiza. Nikamwacha acheke. Nikamwambia sasa sauti ile iko Ujerumani, imewekwa mahali wasomi watakuja kuisikiliza, na wamekitoa kicheko.

Akaacha kugeuza majani. "Wamekitoa chote?"

"Chote."

"Na changu?"

"Na chako."

Akakaa juu ya kinu. "Siku ile nilicheka kwa mara ya kwanza," akasema. "Nikajua nitaishi." Halafu akanigeukia kwa ukali kama vile mimi ndiye niliyekichukua. "Mwenyezi Mungu akupe nguvu, mjukuu wangu. Maneno waache nayo, maneno ni ya Ndahani na wala hatumwonei aibu. Nenda ukanirudishie hicho kingine."

Nilikuwa nimepanga kudai wafute kila kitu. Bibi ndiye aliyeninyoosha.

Mzee Ndahani nilimpigia simu. Alicheka, akatukana ukoo, kisha akauliza tarehe ya treni. Alikuja kuweka dole gumba kwenye barua niliyoiandika. Dokta alijitolea kuipeleka barua mwenyewe mkononi. Nikamkatalia, nikaipitisha ofisi ya kijiji, ikagongwa muhuri, nikatuma nakala mbili kwa njia mbili tofauti. Yeye alisema nina shaka nyingi mno. Nikamwambia nimejifunza safarini.

Hii hapa, kama nilivyoiwasilisha.

KWA KAMATI YA MAADILI YA UTAFITI YA CHUO

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAHOJIANO NA MAREHEMU

Mimi ni Hadija Kapembe, mkazi wa Cheyo, Tabora, mama wa Shamimu Kapembe. Nalalamika rasmi kwamba mtafiti wenu alirekodi sauti katika arobaini ya babu yangu, Ramadhani Kapembe, na kuihifadhi kwa jina lake. Babu yangu hakuhojiwa. Alikuwa amekufa. Aliyesema ni mtani wetu, Mzee Ndahani, aliyekuwa akitimiza wajibu wake msibani, na anathibitisha kwa dole gumba lake hapa chini.

Nimeambiwa na mtafiti wenu kwamba kanuni zenu zinataka ombi la mwenye sauti. Mwenye sauti yuko hai na ameomba. Yule mliyemwandika hawezi kuomba, na mlipaswa kujiuliza kwa nini.

Nimeambiwa pia, na mtafiti huyohuyo, kwamba kwenu aliwahi kuwepo msomi aliyefundisha kuwa tendo halijulikani bila maana aliyoiweka mtendaji. Maana ya maneno yale ilikuwa katika kicheko cha waliohudhuria. Mtafiti wenu alikiita kelele akakifuta. Naomba mkumbuke kwamba zamani mlichukua majibu yetu bila majina. Safari hii mmechukua jina, mkaacha watu.

Siombi fidia. Siombi mfute maneno ya Mzee Ndahani. Naomba mambo haya yafanyike: jina la babu yangu liondolewe pale liandikwe la Ndahani, na ukanda mzima kama ulivyorekodiwa Kigwa, pamoja na kuku na vyombo, uwekwe mahali pa ule uliosafishwa. Humo ndani, baada ya neno "mkavu", kuna mwanamke anayecheka kuliko wengine wote. Huyo ni bibi yangu, mjane wa marehemu, na anakidai kicheko chake.

Tunasubiri.